Kamera ndogo ya dijitali inasumbua: kagua mpangilio kabla ya kuilaumu mashine

Matatizo ya kamera ndogo ya mfukoni karibu yote yana chanzo kimoja kati ya vinne: betri, kadi, mpangilio wa menyu au lenzi. Vitatu vya kwanza unavimaliza mwenyewe mezani bila bisibisi. Cha nne mara nyingi ni kazi ya fundi. Kinachowapoteza watu ni kwamba dalili zake hufanana. Betri iliyochoka huikwamisha lenzi katikati ya safari, kadi mbovu huigandisha kamera, na alama ya −2 ya mwangaza iliyosahaulika wiki iliyopita hutoa picha za giza ambazo mtu anaweza kuapa kwamba sensa imekufa.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu kila mara, hata kama unadhani umeshajua ugonjwa. Chaji betri mpaka ijae. Toa kadi, kisha washa kamera bila kadi: ikiwaka vizuri na kutulia, kadi ndiyo mshukiwa. Rudisha kadi, zungusha gurudumu hadi AUTO, simama karibu na dirisha mchana na upige picha moja ya kitu kilicho mita mbili mbele yako. Picha hiyo ikitoka safi, mashine ni nzima na tatizo limejificha kwenye P, A, S au M, yaani modi za gurudumu ambazo unapanga mambo mwenyewe. Hapo nenda kwenye menyu yenye alama ya spana na utafute amri ya kurudisha mipangilio ya kiwandani. Haifuti picha, na kwa kawaida haigusi tarehe wala lugha, lakini hufuta kila kitu ulichokirekebisha. Kabla ya kuibonyeza, piga picha za kurasa za menyu kwa simu ili uweze kurudisha ulivyokuwa umepanga.

Haiwaki, au inawaka kisha inazima

Betri nyingi za kamera hizi ni za lithiamu-ioni zenye volti 3.6 au 3.7. Ikitoka kwenye chaja inapaswa kusoma karibu volti 4.2 kwa multimita (kipima umeme). Lakini volti peke yake hazitoshi kukuambia kama betri ni nzima. Betri ya zamani inaweza kusoma 4.1 ikiwa imetulia, halafu ikaporomoka mara tu mota ya lenzi inapovuta umeme. Dalili yake inajulikana: skrini inawaka, lenzi inatoka nusu, kila kitu kinazima. Betri ya namna hiyo hairekebishiki, nunua nyingine. Kama imevimba na inagoma kutoka kwenye chumba chake, usiichokonoe kwa kitu chenye ncha. Igonge kamera taratibu kwenye kiganja mlango ukiwa chini, na betri hiyo isirudi tena kwenye chaja.

Kwa kamera za betri za AA, alkalini za kawaida huisha upesi kwa sababu kamera inavuta umeme mwingi kwa mpigo. Betri za kuchaji za NiMH zina volti 1.2 tu lakini hustahimili mvuto huo vizuri zaidi. Kuna kamera zenye sehemu ya kuchagua aina ya betri kwenye menyu. Ukiacha imeandikwa alkalini huku umeweka NiMH, itakuonya kwamba chaji imeisha ilhali bado ipo. Usichanganye kuukuu na mpya.

Angalia pia vibati vya chuma ndani ya chumba cha betri. Vikiwa na utando, visugue kwa kifutio cha penseli, kisha futa vumbi la kifutio lisibaki ndani. Ukiona ukoko mweupe au wa kijani, hayo ni maji ya betri iliyovuja: chovya kijiti cha pamba kwenye siki kidogo, sugua, fuata na alkoholi ya isopropili, acha pakauke kabisa. Mwisho, chunguza mlango wenyewe. Una kijino cha plastiki kinachobonyeza swichi ndogo, na kikivunjika kamera huamini mlango uko wazi na haiwaki kamwe.

Kuzima baada ya dakika moja bila kuguswa ni kazi ya kuokoa umeme, na muda wake unaongezwa kwenye menyu.

Tarehe inarudi mwanzo kila ukitoa betri

Saa ya kamera inaendeshwa na betri ndogo sana ya akiba. Katika kamera nyingi akiba hiyo imefungwa ndani na huchajiwa na betri kuu. Weka betri kuu iliyojaa, iache ndani siku nzima, halafu panga tarehe upya. Nyingine zina betri ya kidonge unayoweza kuibadilisha, mara nyingi kwenye kidroo kidogo karibu na betri kuu au ndani ya mlango wake. Kama mojawapo ya hizi haisaidii, akiba imekufa, lakini kamera bado inapiga picha kama kawaida.

Lenzi imekwama

Hili ndilo tatizo linaloua kamera ndogo nyingi, na ndilo linalostahili subira. Lenzi ya zumu imeundwa kwa mapipa mawili au matatu yanayoingiana kama antena ya redio. Kati ya pipa na pipa kuna mwanya mwembamba wa unene wa karatasi, na chembe moja ya mchanga ikiingia pale inatosha kuizuia mota. Utasikia krrr fupi, lenzi itajaribu mara mbili au tatu, kisha skrini itaonyesha kosa la lenzi na kamera itazima.

Ishike kamera usawa wa jicho na uutazame mwanya huo pande zote. Ukiwa sawa kuzunguka, huenda ni mchanga, vumbi au betri dhaifu, na una matumaini. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, pipa limeinama kwa sababu kamera ilianguka au iliwashwa ndani ya mfuko unaoibana.

Anza kwa kuweka betri iliyojaa kabisa. Zima, toa betri na kadi, subiri dakika chache, rudisha, jaribu tena. Ikikataa, elekeza lenzi chini na upulize mwanya kwa pampu ya mkono ya mpira. Usipulize kwa mdomo maana mate huingia, wala usitumie kopo la hewa ya shinikizo: linasukuma uchafu ndani zaidi na linaweza kutema majimaji baridi kwenye kioo. Kata ukanda wa karatasi ngumu, uuingize kwenye mwanya kina cha milimita moja au mbili, uuzungushe polepole kuokota chembe. Kisha washa kamera lenzi ikiwa bado inatazama chini, ili kinacholegea kidondoke nje.

Pipa lililoinama lina vijipini vya plastiki vilivyotoka kwenye njia zake. Kulisukuma taratibu upande wenye mwanya mpana, kamera ikiwa inawaka, wakati mwingine hulirudisha kwa mlio mdogo wa tik. Wakati mwingine huvunja kijino cha gia. Jaribu hilo pale tu ambapo umekubali kwamba bila hivyo kamera imekwisha. Na usifungue mwili wake: kapasita ya fleshi hushika karibu volti 300, na inaweza kubaki na chaji hata betri ikiwa nje.

Kama unachotaka ni picha zilizomo kwenye kumbukumbu ya ndani, kamera nyingi huwaka kwa kubonyeza kitufe cha kutazama picha bila lenzi kutoka.

Kadi: imefungwa, haisomeki, imejaa

Ujumbe kwamba kadi imefungwa unatokana na kiswichi kidogo cha plastiki ubavuni mwa kadi ya SD. Kikilegea hushuka chenyewe kila unapoisukuma kadi ndani. Kipande chembamba cha utepe juu ya sehemu yake hukizuia.

Kadi mpya isiyosomeka kwenye kamera ya zamani kwa kawaida haina kosa. Kadi za SD za mwanzo zinaishia GB 2, SDHC ni za zaidi ya GB 2 hadi 32, na SDXC zinaanzia juu ya GB 32. Kiwango cha SDHC kilitangazwa mwaka 2006 na cha SDXC mwaka 2009, kwa hiyo kamera iliyotengenezwa kabla ya hapo haikuwahi kukijua. Kadi ndogo husomeka kwenye kamera mpya, kubwa haisomeki kwenye ya zamani. Tafuta kadi ya ukubwa unaokubalika, maana kuifomati kompyutani hakubadilishi aina yake.

Kadi ikileta kosa baada ya kufanya kazi vizuri, acha kupiga picha papo hapo. Kila picha mpya inaweza kuandikwa juu ya uliyopoteza. Ichomeke kompyutani kwa kisoma kadi, nakili kinachoonekana, na kwa kisichoonekana tumia PhotoRec, programu ya bure inayochimbua faili hata pale orodha ya kadi imeharibika. Hifadhi unachookoa kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyohiyo. Baada ya hapo ifomati ndani ya kamera yenyewe. Kosa likirudi baada ya kufomatiwa, itupe. Kadi ni rahisi kuibadilisha, picha za harusi hazirudiwi.

Kuna kosa moja adimu linalochanganya sana: kadi ina nafasi tele lakini kamera inasema haiwezi kuunda folda. Majina ya folda huanza 100 na kuishia 999, na namba za picha hufika 9999. Folda yenye namba kubwa iliyotoka kwenye kamera nyingine huivuta hesabu hadi mwisho. Tiba: weka kadi tupu iliyofomatiwa, chagua namba zianze upya, piga picha moja, kisha rudisha hesabu ya mfululizo kama unaipenda.

Picha hazina ukali

Kabla ya kutafuta dawa, kuza picha kwenye skrini na uangalie ukungu wake una sura gani.

Kila kitu kimevutwa kuelekea upande mmoja, hata taa zimekuwa vijistari: mkono umetikisika. Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) isishuke chini ya 1 gawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Kwenye zumu inayolingana na milimita 250, hiyo ni 1/250 ya sekunde. Kizuia mtikisiko hukuruhusu kushuka hadi karibu 1/60 au 1/30, lakini hakimsimamishi mtoto anayekimbia. Kwa yeye unahitaji 1/250 au zaidi hata ukiwa na mikono ya chuma. Ukiwa kwenye stendi ya miguu mitatu, zima kizuia mtikisiko na utumie kihesabu cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise kamera.

Ukuta nyuma ni mkali, uso mbele umefifia: fokasi imekwenda pengine. Bonyeza kitufe cha shata nusu na usubiri kisanduku kiwe kijani au mlio usikike, ndipo umalizie. Kisanduku kikipepesa cha manjano au chekundu, kamera imekwambia haijapata. Mara nyingi uko karibu mno. Modi ya ua hukuruhusu kusogea sentimita chache, ila zumu ikiwa imerudi nyuma kabisa. Ukivuta zumu, umbali wa chini hupanda hadi nusu mita au zaidi. Kosa hili, kuvuta zumu ili kuchukua kitu kidogo kilicho karibu, ni la kawaida kuliko yote. Vilevile, kama kamera huchagua yenyewe pointi ya fokasi, ilazimishe kutumia ya katikati.

Picha yote ina chembechembe na ngozi inaonekana kama imepakwa rangi ya maji: ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) imepanda. Sensa ya kawaida ya kamera hizi, ile ya inchi 1/2.3, ina takriban milimita 6.2 kwa 4.6, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Juu ya ISO 800 inahangaika, na kamera hufuta chembechembe pamoja na nywele na nyuzi za kitambaa. Weka kikomo cha ISO ya otomatiki kwenye 400 au 800. Sensa ya inchi moja, yenye milimita 13.2 kwa 8.8, inavumilia zaidi.

Taa zina ukungu unaozizunguka na weusi umekuwa kijivu: kuna alama ya kidole kwenye kioo. Puliza vumbi kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini cha miwani.

Picha imekosa undani ingawa kila kitu kiko sawa: angalia zumu ya dijitali. Inakata katikati ya picha na kuinyoosha tu, na ukanda wa zumu kwenye skrini hubadilika rangi unapovuka mpaka. Izime kwenye menyu na usahau kwamba ipo. Pia, f/8 (tundu la lenzi likiwa dogo) kwenye sensa ndogo hulainisha picha badala ya kuinoa, kwa hiyo kaa karibu na f/2.8 hadi f/4.

Giza, weupe kupita kiasi, rangi za ajabu

Picha zote za giza au zote nyeupe: tafuta alama ya +/−, ya kuongeza au kupunguza mwangaza. Hupanda na kushuka kwa theluthi, kawaida kati ya −2 na +2, na kamera nyingi huikumbuka hata baada ya kuzimwa. Irudishe 0. Lakini ijue pia kama rafiki: ukuta mweupe au mchanga unaong'aa huidanganya kamera ikatoa kijivu, ongeza +2/3 au +1. Mtu aliyesimama mbele ya dirisha anahitaji fleshi ya kulazimisha.

Njano chini ya balbu, au buluu nje kivulini: mizani ya weupe imeachwa kwenye alama isiyofaa. Chagua AWB, yaani mizani ya weupe ya otomatiki. Ikishindwa, jaza skrini na karatasi nyeupe chini ya taa hiyohiyo na upime mizani ya mkono. Usisahau kuirudisha ukitoka hapo.

Mistari ya giza na mwanga chini ya taa za umeme hutokana na taa kupepesa. Penye umeme wa herzi 50 taa hupepesa mara 100 kwa sekunde: tumia 1/50 au 1/100. Penye herzi 60, tumia 1/60 au 1/125.

Vidoa vyeupe vya mviringo kwenye picha za usiku ni vumbi au matone mbele ya lenzi yaliyopigwa na fleshi, kwa sababu fleshi iko karibu mno na lenzi. Na fleshi isiyowaka kabisa huwa imezimwa na modi, kama ya mandhari, fataki au picha za mfululizo, au betri iko chini. Ikiwaka bila kufika, kumbuka kwamba nguvu yake huishia karibu mita 3 au 4, na hupungua ukivuta zumu.

Sensa na shata: pale ubovu ni wa kweli

Skrini ni nyeusi wakati wa kupiga, lakini menyu na picha za zamani zinaonekana: pazia la shata limekwama likiwa limefungwa, au sensa imekatika. Skrini inaonyesha vizuri, video ni nzuri, ila picha za mchana zinatoka nyeupe zenye mistari: pazia limekwama wazi. Kipimo hicho cha video ni cha kuaminika, kwa sababu video hailihitaji pazia. Vyote viwili ni vya fundi.

Mstari wima wa zambarau unaopita kwenye jua au taa kali, kwenye kamera yenye sensa ya CCD, ni tabia ya sensa hiyo. Sogeza taa itoke kwenye fremu.

Nukta: piga anga tupu. Doa la kijivu lenye kingo laini, linalokaa palepale na kukolea ukivuta zumu, ni vumbi ndani. Nukta kali yenye rangi, inayotokea picha ya sekunde nyingi, ni pikseli moto. Baadhi ya kamera zina amri ya kuzitafuta na kuzificha.

Kuifanya iwe yako, na isikusumbue tena

Matatizo mengi hapo juu hutoka kwenye mpangilio uliobadilishwa kwa dakika moja na kusahaulika. Dawa yake ni C1 au C2 kwenye gurudumu (nafasi za kuhifadhi mipangilio yako), kama kamera inazo. Panga P, ISO ya otomatiki yenye kikomo, pointi ya katikati, AWB, 0 kwenye mwanga, ubora wa juu, kisha ihifadhi C1. Chochote utakachovuruga, ukirudi C1 umerudi nyumbani. Kwenye menyu yako binafsi, ikiwepo, weka vitu vinavyokukwamisha: kufomati, kikomo cha ISO, mizani ya weupe.

Washa gridi na histogramu (grafu ya mwanga wa picha). Zima muhuri wa tarehe, maana unachomwa ndani ya picha na hautoki, ilhali tarehe tayari imo kwenye taarifa za faili. Angalia uwiano wa picha: 16:9 kwenye sensa ya 4:3 inakata juu na chini. Milio huzimwa kwenye menyu, na kwenye Canon PowerShot nyingi hunyamaza pia ukishikilia kitufe cha DISP wakati wa kuwasha. Kamera hizohizo zikibadilishwa lugha usiyoisoma, fungua picha za zamani, shikilia FUNC/SET, bonyeza MENU, na orodha ya lugha itatokea.

Kwa Canon hizo kuna pia CHDK, programu ya bure inayopakiwa kutoka kwenye kadi bila kubadilisha programu ya kiwandani. Kwa modeli zinazoikubali huongeza faili ghafi, onyo la mwanga uliozidi na hati za kupiga picha kila baada ya sekunde kadhaa. Kila modeli na kila toleo lina faili lake, kwa mfano 1.00A na 1.01B hazibadilishani, na faili lisilo lako huifanya kamera igande: toa betri, irudishe. Ili ijipakie yenyewe, kiswichi cha kadi lazima kiwe upande wa kufungwa. Kwa hiyo, siku ukikiona kimefungwa na kamera inalalamika kwamba kadi imefungwa, maana yake CHDK haikupakiwa. Kagua faili la DISKBOOT.BIN na uhakikishe kadi iliandaliwa kama kadi ya kuanzishia.

Kompyuta haiioni kamera, video inakatika

Badilisha waya kwanza. Zipo nyaya zinazochaji tu bila kupitisha data. Kisoma kadi kinakuepusha na mzozo wote huu. Video inayosimama baada ya sekunde chache chanzo chake ni kadi ya polepole, tafuta yenye alama ya kasi ya Class 10. Inayosimama baada ya dakika nyingi huenda imegonga GB 4, kikomo cha faili moja kwenye FAT32 (mfumo wa faili wa kadi), au kamera imepata joto.

Ukungu ndani ya kioo

Kamera iliyotoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto lenye unyevu hutokwa jasho ndani. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, na uiache humo hadi ilingane na joto la nje, kama saa moja. Ukungu ukishaingia, usiiwashe wala kusogeza zumu: toa betri na kadi, acha milango wazi, iweke kwenye kopo lenye vipakiti vya silika kwa siku moja au mbili. Nyuzi nyeupe kama utando wa buibui zinazobaki baada ya kukauka ni kuvu, na hizo hazifikiki bila kuifungua lenzi.